Majengo ya Uchina

Ramani ile iliniudhi tangu ilipofunguka kwenye kompyuta. Ilichorwa na jeshi la kigeni wakati wa vita, mji mmoja wa Uchina ulivyoonekana kutoka kwenye ndege, na mwenye shida nayo alikuwa bibi wa Kichina, jirani yetu mwenye duka la vyombo hapa ugenini, Umbilo Road. Alizaliwa katika mji huo, na mama yake alifia huko. Macho yake yanakwisha, daktari ameshamwambia, na alitaka auone uchochoro wao walau mara moja kabla hayajazima kabisa. Ndipo akatuletea sisi, wa duka la kuchapisha, tuikuze.

Tukaikuza, bibi kasimama nyuma yetu. Kambi ya jeshi imeandikwa. Stesheni, daraja, tangi la maji, bohari, kila kimoja na namba yake. Mimi nageuza Kiingereza cha ramani kwa Kiswahili, mwenzangu wa dukani, Mkongo, anakitafuta kila kimoja kwa kidole. Lakini wanakoishi watu pamepakwa kijivu tu, pote, bila hata jina la njia. Upuuzi mtupu. Nikaangalia pembeni maana ya hicho kijivu, nikamsomea: majengo.

"Kumbe hata kwa Wachina iko Majengo?" akasema.

Mimi kwetu ni mtaa wa Majengo, Moshi, na kila siku namchosha kwa habari za huko. Kabla sijamrekebisha, keshamgeukia bibi na Kiingereza chake: mtaa wa watu tumeupata, Mama, unaitwa Majengo.

Bibi akavaa miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Wapi?"

Eish. Nilimkasirikia mwenzangu, na wale wanajeshi nikawakasirikia zaidi. Walipata muda wa kuchora tangi la maji, wakakosa muda wa kuandika uchochoro mmoja. Nikamweleza bibi ukweli: si jina la mtaa, Mama, maana yake nyumba tu, nyumba zote, na ya kwenu imo humo ila hawakuionyesha. Nilijua atalia, nikawa natafuta pa kutazama.

Hakulia. Aliuliza kama mashine yetu inaweza kufuta kitu. Nikasema inaweza.

"Basi futa kambi," akasema. "Futa stesheni, na hilo tangi. Halafu nichapishie hiyo Majengo yote, kubwa."