Ukoko Kando ya Kaburi

Nilivuka kutoka kisiwa cha Nosy Be hadi bandari ya Antsahampano, Madagaska bara, mwishoni mwa miaka ya sabini, kijana aliyeacha shule na asiyejua aendako. Miaka mingi baadaye nikatua mjini Mahajanga, katika chumba cha uani mtaa wa Antanimasaja, kwa mama mjane wa asili ya Ngazija. Jamaa zake wengi walikwisha kurudi visiwani Komoro. Yeye alibakizwa na kaburi la mumewe, kule makaburini Belobaka.

"Likienda kaburi, na mimi naondoka," alisema.

Nalo lilikuwa karibu kwenda. Korongo la maji lilikuwa likipanda mteremko, kila mvua likimega udongo mwekundu, na ukingo ulikwisha kukaribia kichwani mwa marehemu. Nilikuwa nikiliota.

Niliwahi kuwabebea maji watu waliokuwa wakipima udongo. Niliwasumbua kwa maswali mpaka wakanionyesha kuwa ule ukoko mweusi juu ya ardhi kavu si uchafu. Ni vijimea vidogo mno vilivyoshikamana na mchanga, na pale ulipo, mvua haichukui udongo kwa urahisi. Basi nikabandua ukoko katika kiwanja kilichokuwa karibu kuchimbwa msingi, nikaufikicha, nikaunyunyiza kati ya kaburi na korongo, nikaufunika kwa magunia makuukuu na kuumwagia maji. Kila nilipoona wingu, niliomba lipite. Bado, nilisema, haujashika.

Ulipoanza kushika, ikafika siku ya hitima. Nilipofika na madumu yangu nikakuta magunia yamekunjwa vizuri pembeni, na wifi wa yule mjane, dada wa marehemu, ameinama na fagio. Kwao kaburi hufagiliwa kabla ya dua mpaka ardhi ing'are. Nusu ya ukoko ilikwisha kuwa rundo la vumbi.

Kwa kawaida tulisema Kimalagasi. Kikomoro walikitoa wakigombana, na siku hiyo walikitoa.

"Shangazi, acha kwanza," nilisema.

"Niache? Kaka yangu hakuzoea kulala pachafu."

"Kaka yako alipanda kitandani na viatu," mjane akamjibu bila kumtazama. "Mwache mwanangu aseme."

Nikamimina maji kidogo juu ya sehemu iliyosalia. Weusi ukalegea, ukageuka kijani mbele ya macho yetu. Wifi akanyoosha mgongo.

"Kitu hiki kinakunywa?"

"Kinakunywa."

Mjane akamnyang'anya fagio, akalikalia.

Mvua ilikuja kabla sahani za hitima hazijaoshwa. Tulisimama chini ya turubai pale makaburini tukitazama. Upande uliofagiliwa maji yalitoka mekundu, na kipande cha ukingo kikaporomoka. Upande wa pili yalipita karibu meupe. Kaburi likabaki, upana wa mkeka mmoja kutoka korongoni.

"Jamaa wakiuliza," mjane akasema, "waambie mwaka huu siondoki."

Mwaka huu. Mvua ilikuwa haijakatika, nami nilikwisha kutoka kutafuta magunia mengine.