Ndege Niliyemwonyesha Mdachi

Mimi ninayejisifu kuijua kila njia ya Uluguru, jana nimeumbuka. Mdachi ninayemwongoza, mtafuta ndege, alibakiwa na siku moja tu milimani kabla ya kwenda pwani kupanda meli ya Ulaya. Mara nikamwona mama mkwe anateremka na tenga la mboga kichwani. Kwetu mwanamume hakutani na mkwewe uso kwa uso, nikaruka kichakani. Mdachi naye akaruka, bunduki mkononi.

“Ndege?” akanong'ona.

Nikaona haya kumweleza. “Ndege, Bwana. Adimu kabisa.”

Tukalala kifudifudi, siafu wakimpanda suruali, naye akinishukuru. Nyayo zikasimama njiani.

“Bwana Mdachi,” akasema mama mkwe, “mwambie mkwe wangu atoke tu. Nimeshampa mgongo.”