Malkia wa Kizwite

Ukitaka kushonewa suruali hapa Kizwite, nenda kwa Leonsi. Ukitaka mtu wa kukusemea mbele ya ndugu zako, mpite Leonsi, endelea mbele. Nayasema haya kwa upendo, maana ni mimi niliyemfundisha mtu huyu kuwa mwanamke kwa miaka kumi na tisa.

Parokia yetu ina mchezo wa jukwaani unaochezwa kila Jumatatu ya Pasaka tangu enzi za shule ya makatekista. Ni tanzia ya kale, haina jina la mwandishi, na kurasa zake zimeliwa na mende pembeni. Wageni wanafika kwa Mwene, mtawala wa nchi, wanaomba wapewe mlima. Mwene ni mpole, anaogopa ugomvi, anawaambia, "Chukueni." Mkewe, Malkia, anatungua mkuki ukutani na kukataa. Wanamuua mlangoni. Mwishoni Mwene anabaki peke yake, amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga ulezi wa matanga ya mkewe. Sasa, Ufipa hii, mwanamume na jiwe la kusagia hawajuani. Kwa hiyo kila mwaka, pale pa kulia, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Kwa kuwa shule ile ilikuwa ya wanaume, Malkia alichezwa na mwanamume. Shule ikafungwa, wanawake wakawa walimu, wakawa madiwani, Malkia akaendelea kuwa na ndevu. Wazee walisema si adabu mwanamke kumfokea mumewe mbele za watu. Mwanamume aliyevaa gauni akimfokea mwanamume mwenzake, hiyo sasa ni mila. Mimi na cheti changu cha ualimu nilikaa nyuma ya pazia, nikiwanong'oneza waliosahau maneno na kumwonyesha Leonsi jinsi mwanamke anavyosimama akiwa amekasirika. Kukasirika kwenyewe sikuhitaji kujifunza.

Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Leonsi akishika ule mkuki na kusema, "Mlima huu hautoki nikiwa hai," bibi vizee walijifuta macho kwa ncha za vitenge. Mtaani wakamwita Malkia, naye akaitika. Mcheza kwao hutunzwa.

Lakini ana kaka yake mkubwa, Zenon, anayeishi Mwazye. Zenon akipiga simu, Leonsi anaacha cherehani na kusimama wima kabla hajapokea. "Shikamoo kaka. Ndiyo kaka. Sawa kaka." Kwa hizo sawa zake baiskeli ilikwenda Mwazye, mabati ya jiko yakaifuata, na mbuzi mwenye mimba naye akapandishwa gari.

Mwaka jana ikawa zamu ya shamba. Lilikuwa fungu la Leonsi kwa baba yao, lakini aliyelilima ni mkewe, Silvana. Kila msimu alikwenda kule Mwazye kuinua ntumba, yale matuta yetu ya mviringo yanayofukia nyasi ili zioze ziwe mbolea. Ulezi na maharage ya matuta yale ndiyo yaliyowakuza watoto wake wanne. Zenon akapata mtu mwenye trekta anayelitaka shamba. Trekta husawazisha ntumba za miaka ishirini kabla ya chai ya saa nne. Ilibaki sahihi ya Leonsi tu, na Zenon akasema ataifuata mwenyewe Pasaka. Leonsi akajibu sawa kaka.

Silvana alikuja kwangu analia.

"Mwalimu, nimemwomba Baba Calvin amkatae kaka yake mara moja tu. Ananiambia mkubwa hakataliwi. Na jioni ileile kasimama jikoni ananifokea mpaka sufuria zinatikisika, eti mlima hautoki! Mlima wa nani? Wa kwenye karatasi!"

Nilimpa chai.

Wiki hiyo paroko mpya, Padri Edwin, akatangaza kwamba kuanzia sasa mwanamke achezwe na mwanamke. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ikanipa upofu. Nikamfanya Leonsi kuwa Mwene. Umalkia nikampa Silvana, nikijiambia kwamba mtu aliyesikia maneno yale jikoni miaka kumi na tisa hana cha kufundishwa.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikamkabidhi mkuki. Wageni wakaomba mlima. Leonsi, badala ya kukubali, akawatolea macho na kufoka kama alivyozoea. Silvana akauweka mkuki chini taratibu, akapiga magoti, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Chukueni."

Hapo nikauona ujinga wangu. Leonsi alipofanya mazoezi nyumbani, lazima awepo wa kufokewa. Silvana ndiye aliyekuwa Mwene, kila Kwaresima, kwenye sakafu ya jiko lake. Maneno ya Malkia aliyasikia, lakini kinywa chake kilijua ya Mwene tu. Nikawa na mume asiyejua kukataa mpaka avae gauni, na mke ambaye mumewe mwenyewe alimzoeza kukubali.

Tulihangaika wiki tatu. Silvana alichukua karatasi zake akaenda nazo shambani Mwazye, akawa anapalilia huku anasoma.

Jumatatu ya Pasaka ukumbi ulijaa. Zenon alikaa mstari wa mbele, na koti lake la harusi, bahasha ya kaki kwapani. Wageni wakaomba mlima. Leonsi akamtazama kaka yake pale chini, akainamisha macho, akasema, "Chukueni." Nimewasikia akina Mwene wengi wakilisema neno lile, na wote waliigiza. Leonsi hakuigiza. Bibi mmoja alisema, "Yesu wangu."

Silvana akatungua mkuki, halafu akakwama. Nikamnong'oneza, "Mlima huu hautoki." Nikarudia. Akawapa mgongo wageni, akaugeukia mstari wa mbele.

"Matuta yale nimeyainua kwa jembe langu," akasema. "Nyasi nimezifukia mimi. Nimejifungua, nikarudi kulima na mtoto mgongoni. Ninyi mlikuwa wapi? Shemeji, shamba halitoki!"

Kwenye mchezo ule hakuna shemeji. Timoth, kiongozi wa wageni, alinitazama pembeni ya pazia, hajui kama bado anatakiwa kuua. Nikamtikisia kichwa. Akaua, kwa woga sana, na Silvana hakuharakisha kufa.

Kisha Leonsi akapiga magoti kwenye jiwe. Alisaga vibaya, unga ukamwagika, machozi yakaangukia humohumo. Kwa mara ya kwanza tangu niufahamu mchezo huu, hakuna aliyecheka. Mimi nililia waziwazi, karatasi zangu zikalowa.

Zenon alikuja nyuma ya pazia akitabasamu kwa meno tu.

"Mmecheza vizuri, mdogo wangu. Haya, tia sahihi niwahi gari."

"Shikamoo kaka," Leonsi akasema, na unga mpaka kwenye viwiko. Nilimngoja yule simba wa miaka kumi na tisa angurume. Akajifuta mikono kwenye vazi la Mwene, akatazama chini. "Kaka, mimi mlima nimeshautoa, umeona mwenyewe. Lakini mwenye mkuki kakataa. Kamuulize yeye."

Silvana alikuwa amekaa kwenye kreti anakunywa soda, mkuki mapajani. Zenon alimtazama, akaitazama bahasha, akaondoka kuwahi gari. Gari lenyewe lilikuwa linaondoka baada ya saa mbili.

Kijiweni wakasema Leonsi kajificha nyuma ya mwanamke. Na mimi nilimwambia, maana sijui kunyamaza.

"Leonsi, hukumkataa kaka yako."

"Sikumkataa, Mwalimu. Ila sahihi sikutia."

Mwezi wa saba, ulezi wa shamba lile ulipokwisha pigwa na kupepetwa, nilikwenda mashineni kusaga. Katikati ya kina mama nikamkuta Leonsi na ndoo ya ulezi, na upepo ule wa kwetu unampiga masikioni. Wanawake walimcheka. Aliwaambia ni mazoezi ya Pasaka ijayo.

"Mwene anasagia jiwe," nikamkumbusha, "hasagishi mashineni."

Hakucheka.

"Mwalimu, miaka kumi na tisa nimemfokea Mama Calvin akiwa amepiga magoti," akasema. "Niache nipange foleni."

Akasogeza ndoo yake mbele, maana foleni ilikuwa imesogea.