Nilimnunulia mke wangu kiti mwendo cha kifahari, yeye anataka kufika kwenye maharage

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Lushoto upande wa Mlola. Sijaongeza chumvi. Mwandiko mtanivumilia, shule niliishia la nne.

Ila msinichukulie poa. Nilianza kwa kubeba kabichi kichwani, leo nina Fuso mbili na nyumba ya vigae. Kabichi unayokula huko Dar huenda imepita mikononi mwangu.

Sasa mke wangu, Mama Eliza, alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, kusimama hawezi. Kichwa kizima, na mdomo ndio usiseme.

Nikashuka mjini kununua wheelchair. Nilichagua kama ninavyochagua gari la mzigo: zito, pana, linang'aa. Nilijua kikiwa kizito kitashika barabara.

Mama Eliza alipokiona akasema, "Baba Eliza, hiki umeniletea mimi au mkuu wa wilaya?"

Ndani, kwenye vigae, kilitembea. Nje, mvua ikishanyesha, vile vigurudumu vidogo vya mbele vikazama kwenye udongo. Na kwa ule upana, mwenzangu alikuwa analalia upande kama gunia lililofungwa vibaya.

Tukaenda hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo akampima nyonga na mapaja, kisha akamuuliza, "Mama, unataka kiti kikufikishe wapi?"

Nikadakia, "Kanisani, na kwenye maharusi."

"Nimeulizwa mimi," akasema Mama Eliza. "Nataka kwenye maharage yangu."

Wakuu, maharage hata sikuyawaza.

Shamba hilo liko chini ya nyumba, matuta kwa matuta. Tumelilima wawili kabla ya Fuso, kabla ya vigae. Tangu augue, asubuhi anakaa dirishani anasikiliza majembe ya majirani. Na mimi, na ujanja wangu wote, natamani tu kuisikia sauti yake ikitoka tuta la chini, ikinisema jembe langu halizami.

Tukapata kiti cha matairi matatu. La mbele kubwa, limesogezwa mbali kidogo, kiti kinambana nyonga sawasawa, kina mkanda na breki za mkono. Urembo hakina. Tope kinapita.

Kikafika ukingo wa shamba, pale njia inapogeuka ngazi za udongo. Nikataka kuita watu wambebe. Akakataa. Kwetu anayebebwa ni wa machela au wa jeneza.

"Sijafa. Sogeza mbele kidogo."

Nikasogeza. Akayatazama maharage yake kule chini mpaka ukungu ukayafunika.

Sasa nachimba njia. Inashuka kwa kona kona kama barabara ya Soni, isiwe na mteremko mkali. Nachimba mwenyewe, vibarua nimewakatalia. Yeye anakaa pale njia ilipofikia.

"Kona gani hiyo? Hapo hata Fuso zako zinapinduka!"

Yamebaki matuta mawili. Maharage yameanza kugeuka manjano. Nataka ayang'oe yeye, mkono wa kulia bado una nguvu.

Nilichojifunza: kabla hujatoa hela, muulize mtu wako anatamani kufika wapi. Halafu apimwe, halafu uitazame njia yenyewe.

Wenye uzoefu wa wheelchair milimani nisaidieni: kwenye mteremko unamshusha akitangulia uso, au kinyumenyume? Matusi pia napokea, ila jibu lije haraka. Maharage hayanisubiri.