Mbeba Mizigo Asiyepewa Jina

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja ya mvua pale Kolwezi, miaka ile tulipokuwa Wazaïre na kila mtu ametoka tu kuacha jina la ubatizo na kushika la mababu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, mwalimu kijana wa fizikia, mtu wa kuwaza mara mbili hata kabla ya kupiga chafya. Katika ukumbi wa kambi ya wachimba migodi walinipa mikro, yaani kipaza sauti, niwaeleze watazamaji kwa Kiswahili filamu za zamani za kigeni.

Filamu ya siku ile ilihusu dubwana lililotoka nyota nyingine. Wataalamu wote walikuwa Wazungu. Mtu mweusi alikuwa mmoja tu, mbeba mizigo. Akatoa macho, akapiga kelele, akamezwa wa kwanza. Ukumbi ukacheka. Mimi nilitafsiri kila neno, ila yeye hakuwa na neno la kutafsiriwa.

Mlangoni Kapinga, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, akanisimamisha.

"Monsieur, ule mutu, jina yake nani?"

"Hakupewa."

"Basi fizikia iko ya bale beko na majina. Mi ninaenda section ya kushona."

Wiki nzima niliwaza. Nikiizuia filamu isirudiwe, namlinda Kapinga au namficha ukweli? Nikiirudia, si namtukana mara ya pili? Nikamweleza Tata Mutombo, mzee aliyeendesha mashine ya filamu. Alinitazama kama anayetazama moteri iliyokataa kuwaka.

"Monsieur, kichwa yako inatembea sana, miguu inabakia. Ni yeye anauliza. Umupatie mikro."

Jumapili iliyofuata nikampa. Mbeba mizigo alipotokea, Kapinga akasema kwa sauti kavu: "Uyu ni Citoyen Ilunga, ingénieur wa barrage ya Nzilo, kule umeme yetu inatoka. Ile mizigo yote ni bitu bya kazi yake. Bale bengine beko namufuata juu banaogopa kupotea."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kicheko cha aina nyingine. Kisha dubwana likasogea. "Ilunga anabaambia: mukimbie, mi nitabakia."

Hakuna aliyecheka tena. Alipomezwa, mama mmoja akaanza kulia kama kwenye matanga. Wanaume wakavua kofia. Tata Mutombo akazima mashine.

"Tunyamaze kidogo juu ya Ilunga," akasema.

Kesho yake Kapinga alikuwa darasani kwangu, dawati la mbele, akiniuliza mwanga wa nyota unasafiri vipi hadi kwetu.

Basi, mwanangu, najua nawe unahesabu nani yumo kwenye picha na nani hayumo. Hesabu, ni haki yako. Lakini usiishie hapo. Wakikuonyesha mtu wa kwenu aliye bubu, mpe jina, mpe kazi, mpe la kusema. Halafu utengeneze filamu yako, na mgeni, asiye wa kwenu, naye umpe jina ndani yake. Mungu akukuze, akupe sauti isiyotetemeka na watu wa kuisikiliza.