Utasimama Wapi na Kamera Hiyo

Siku ile ya Nyangezi sijaisahau hata kidogo, mwanangu Nsimire, na tangu juzi ulipoziweka kamera mbili mbele yangu pale dukani imenirudia yote, na vumbi lake na kelele zake. Ngoja nikusimulie. Najua una haraka, mwenye duka amekushikia zote mbili hadi Jumamosi tu, lakini mimi shangazi yako siwezi kulijibu swali lako kwa neno moja. Na wewe ungejibiwa kwa neno moja usingeridhika, nakujua tangu unatambaa.

Kwanza nikiri kwamba pale dukani nilifurahi kuliko wewe! Maisha yangu yote nimewapiga picha watu wa Bukavu hii, nikadhani hakuna kamera itakayonishangaza tena. Kumbe! Ile ndogo, inayoingia mkobani pamoja na leso na rozari, ulipobonyeza kitufe lenzi ikatoka, ikatoka, ikazidi kutoka, nikasema basi sasa itadondoka. Tukatoka nayo hadi barabara inapopinda na ziwa linaonekana, tukaielekeza ng'ambo. Mwanangu! Upande wa Rwanda kulikuwa na mama anaanika shuka, nikaona hadi maua ya shuka. Nilicheka peke yangu barabarani, watu wa pikipiki wakanigeukia.

Halafu ile kubwa, ya mafundi, isiyo na kile kioo cha ndani kilichokuwa kikigonga kwenye kamera zetu za zamani. Mwenye duka akasema jicho lake la ndani ni pana sawasawa na kipande kizima cha filamu. Ukaielekeza chini ya rafu, gizani, alikolala paka wake. Nikangoja sauti. Nikauliza, "Bado?" Ukanijibu, "Nimeshapiga, Tante." Ukanionyesha, na sharubu za paka zikahesabika moja moja katika giza lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa simwoni vizuri. Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini lenzi yake ni moja, fupi, haivuti hata hatua moja. Ukitaka karibu, ni miguu yako inayokwenda karibu.

"Sasa Tante, nikamate gani?" ukaniuliza. "Bote banasema tofauti."

Na swali hilo lina uzito, kwa sababu uwezo wako ni wa kamera moja, na kazi yake ya kwanza tunaijua. Mwezi ujao mdogo wako Ansima analetewa mahari. Katika familia yetu mama wa binti hakai sebuleni siku hiyo. Anakaa chumba cha nyuma na wanawake wenzake hadi binti ameulizwa kama anamkubali kijana na amejibu. Mama yako Nabintu ameomba kitu kimoja tu, picha ya uso wa Ansima wakati ule anapojibu. Aliniambia mimi kwanza, jikoni kwangu, akijifanya anachambua majani ya sombe: "Faida, batu bote bataona ule uso. Miye mwenye nilimuzaa, njo sitaona." Binti anaulizwa mara moja, anajibu mara moja. Picha ile ikikukosa, imekukosa kabisa.

Sasa sikiliza kwa nini mama yako alikuja kuniambia mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa Tonton Deo, mwenye studio ndogo pale Nyawera, nyuma ya wauza vitenge. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kamera, kusafisha filamu, na kuwaambia watu waache kukunja uso. Mwaka huo kaka yangu, yaani baba yako, alikwenda kumwomba Nabintu kwao Nyangezi. Mama yetu, bibi yako ambaye hukumkuta, alikuwa amevunjika mguu na amelala. Hakuweza kupanda gari kwa barabara ile. Aliniita kitandani akaniambia: "Mutoto wangu, uniletee sura ya ule binti wakati anaitika. Si mbele, si nyuma. Wakati anaitika." Unaona? Ombi ni lilelile. Mama yako analijua, ndiyo maana alinijia mimi.

Asubuhi ya safari Tonton Deo akaweka kamera mbili juu ya meza. Moja nzito, ya chuma, ya kazi, na lenzi fupi. Nyingine ndogo ya plastiki ambayo binamu yake alimletea kutoka Bujumbura, yenye lenzi inayotoka mbele ukibonyeza kitufe. Tulikuwa tukiicheka, tukisema ni ya watalii. Akaniuliza: "Faida, kule Nyangezi utasimama wapi?"

Nikamjibu, "Popote tu, Tonton. Nitasimama."

Akazisogeza zote mbili mbele yangu. Nami nikachukua ile nzito. Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu ya mkanda wake! Ulikuwa mpana, mwekundu, na ukiuvaa kifuani kila mtu anajua wewe ni fotografe. Hata mkoba wake niliuacha makusudi, kamera isifichike. Nikapita nayo katikati ya soko la Nyawera hali njia fupi haikuwa ile, ili wale vijana wapakuzi wanaoniita "kadada" wanione. Waliniona. Mmoja aliacha gunia likaanguka. Nilipanda gari nimejaa mwenyewe, sikuacha nafasi ya akili.

Kule Nyangezi walitupokea vizuri. Mabenchi yalipangwa uani, wao upande wa nyumba, sisi upande wa lango, tumetazamana, na katikati uwanja mtupu ambamo ungeweza kuegesha lori. Mimi nikawekwa mwisho wa benchi letu. Nikainua kamera. Nabintu alipotolewa ndani na shangazi zake, nikamtafuta kwenye kidirisha cha kamera, nikaona kitu kidogo kama harage. Nikageuza lenzi huku, nikageuza kule. Harage likabaki harage.

Baba yake akashika kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tayari kumuuliza kama anywe, yaani amekubali, au asinywe. Nikasikia sauti ya mama kichwani, wakati anaitika, wakati anaitika. Nikainuka. Nikatembea. Nikavuka uwanja wote ule na mkanda wangu mwekundu, hadi nikafika karibu kabisa na Nabintu na kupiga goti nimpige picha.

Fimbo ikatua ardhini mbele ya magoti yangu. Ilikuwa ya babu yake Nabintu.

"Simama pale! Weye mutoto, uko wa banani?"

"Wa bwana-harusi, Muzee."

"Huku katikati njo mupaka. Binti hajajibu bado, na mutu wa kwenu ameshavuka. Munakuja kumuomba, ao munakuja kumukamata?"

Hapo benchi lao lote likalipuka: "Amande! Amande!" yaani tulipe faini, na sauti zingine zikasema turudi tulikotoka. Baba wa binti akakiweka kibuyu chini. Nikamwangalia kaka yangu, naye alikuwa ameinamisha kichwa na kushika kofia yake kwa mikono miwili. Nilijua hapo kwamba nimemharibia ndoa kwa ajili ya mkanda. Nililia mbele za watu, mwanangu, sikujali tena nani ananiona.

Msemaji wetu, Papa Cizungu, akavua koti, akaomba radhi kwa lugha yetu ya Mashi, nzuri ambayo sijaisikia tena, akaongeza mbuzi. Babu akatulia kidogo kidogo. Akaniambia bila ukali sasa: "Rudia nafasi yako. Ile aparei ya picha iko munene, lakini haikupe ruhusa."

Nikarudi. Kibuyu kikainuliwa tena. "Ninywe?" baba akauliza. Nabintu akanyanyua macho, akamtazama kaka yangu ambaye bado ameshika kofia, na tabasamu likaanza upande mmoja tu wa mdomo, likasita, halafu likafika upande wa pili. "Unywe, Baba." Niliona kwa macho yangu. Nikabonyeza, na kamera ile ikalia kwa nguvu hadi mabenchi yote mawili yakanigeukia tena, na shangazi mmoja akacheka kwa sauti.

Baada ya pombe niliruhusiwa kuvuka. Nabintu akasimama wima, akanichekea vizuri, nikampiga picha tano safi kabisa.

Siku ya nne Tonton Deo akamaliza kusafisha filamu. Picha ya jibu akaikuza kadiri karatasi ilivyoweza, na uso ukawa chembechembe tupu, huwezi kujua kama ni Nabintu au ni mlango. Nikampelekea mama zote. Ile ya harage aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaiweka kifuani. Kisha akachukua moja ya zile safi. "Iko muzuri," akasema. "Lakini huyu iko nachekea aparei. Miye nilitaka kuona vile alichekea mutoto wangu."

Hakunigombeza. Alimpenda mama yako hadi siku ya mwisho wake. Lakini uso ule hakuuona, na mimi niliouona sikuwa na namna ya kumpa. Linaniuma mpaka leo, nakwambia waziwazi.

Nikamrudishia Tonton Deo kamera, nikasema kamera hii ni mbaya. Akaifuta vumbi taratibu kwa shati lake mwenyewe. "Aparei haikukosa, Faida. Nilikuuliza utasimama wapi. Hukunijibu."

Tangu siku hiyo sikuwahi kwenda kwenye sherehe kabla ya kwenda kupaona. Nilikwenda siku moja mbele, nikauliza nitakaa benchi gani, padri ananiruhusu hadi wapi, dirisha liko upande gani. Watu walinicheka kwamba napima nyumba kama seremala. Wakwe walinikubali, na kazi haikunikauka.

Sasa nakuuliza wewe, Nsimire. Siku ya Ansima utasimama wapi?

Fikiri! Mimi nilikuwa wa upande wa kijana, mgeni, nyuma ya mpaka. Wewe ni wa upande wa binti. Ni dada yake! Hakuna babu wala fimbo ya kukuzuia. Utasimama pale penye pazia la chumba cha nyuma, hatua mbili kutoka kwa Ansima, na ile lenzi fupi ndiyo inayotosha. Na sebule ya baba yako tunaijua wote, dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Msimu huu wa mvua, saa tisa mchana kule ndani ni giza, na umeme tusiuzungumzie. Ile ndogo, pamoja na uhodari wake wote wa kuona shuka za Rwanda, humo ndani itakuletea picha kama imenyunyiziwa mchanga. Au utawasha taa yake, Ansima ashtuke, na tabasamu likimbie. Ile kubwa itaona gizani kama ilivyomwona paka, na haitalia. Hakuna atakayegeuka. Hata Ansima hatajua.

Kwa hiyo ichukue kubwa, mwanangu! Ndiyo, mimi niliyeaibika na kubwa ndiye ninayekwambia. Kesho nenda kaichukue, usingoje Jumamosi.

Na najua utakachosema: baada ya hapo wataniita watu wa upande wa kijana, Tante, nitakaa kwenye benchi la mbali kama wewe. Ni kweli, na Mungu akipenda watakuita kila wiki, Mumosho, Nyangezi, kote. Nimelifikiria hilo. Ndogo yenye lenzi inayojivuta, ingawa haifiki mbali kama ile ya dukani, mimi ninayo mkobani mwangu miaka sita sasa, ulikuwa unadhani ni dawa za presha. Siku utakayokaa benchi la mbali, pita kwangu uichukue. Mimi nimezeeka, mkono unatetemeka nikivuta mbali, naona shuka mbili pale penye moja.

Nasaha yangu sasa uishike yote. Usichague kamera kwa macho ya watu wa Nyawera. Usimuulize mwenye duka ipi ni nzuri, zote ni nzuri, na yeye hatakuwepo kwenye sherehe. Nenda kwanza pale utakaposimama, saa ileile utakayosimama, upajue mwanga wake na mpaka wake, ndipo urudi kuchagua. Na mpaka wa watu uuheshimu hata ukiwa na kamera ghali kuliko nyumba yao. Chaji betri mbili usiku wa kuamkia sherehe. Na mkanda, nakuomba, uache mkobani.

Kitu cha mwisho. Sisi tulisubiri siku nne kusafisha filamu, lakini yako inaonyesha papo hapo. Ansima akishasema "Unywe, Baba," usiinue kamera tena. Geuka, sogeza pazia, mpe mama yako kamera mikononi, picha ikiwa kwenye kioo cha nyuma, kabla vigelegele havijaisha. Aone tabasamu la mtoto wake lilianza upande gani wa mdomo. Mimi nadhani nalijua tayari tangu Nyangezi, lakini nataka alione mwenyewe.

Mungu akutulizie mkono kwa nukta ile moja, mwanangu. Akupe macho ya kuona na adabu ya kusimama. Na siku baba yako atakapokuuliza wewe kama anywe, apatikane mtu wa kuipiga sura yako, nami niwe bado hai, nimekaa chumba cha nyuma na mama yako, tunangoja pazia lifunguliwe.