Ufa wa Ngazini na Viatu vya Majirani

Jengo tulilopanga Mchafukoge lina ghorofa tatu na ngazi moja, na kwenye ukuta wa ngazi hiyo, kabla hujafika ghorofa ya pili, palikuwa na ufa. Mwaka tuliohamia, ufa huo ulikuwa mwembamba kama uzi wa cherehani. Mimi nauza mapazia Kariakoo, nyuzi nazijua. Baada ya masika mawili ukucha wangu uliingia. Masika ya tatu ikaingia ncha ya ufunguo wa nyumba, na siku hiyo nilishuka moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wapangaji.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa pwani, karani mstaafu wa reli, mtu wa kanzu iliyonyooshwa pasi hata siku za kazi. Nilimkuta mlangoni kwake ghorofa ya kwanza, amekaa kwenye kiti cha plastiki anasikiliza redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya viatu?"

"Hapana mzee. Nimekuja kwa ajili ya ufa."

"Ufa upi?"

Nikamwonyesha. Kutoka kiti chake hadi ulipoanzia hazikuzidi hatua sita.

"Ah, huo! Huo nimeukuta hapa."

"Lakini unaongezeka, mzee."

"Hata sisi tunaongezeka. Hebu niambie, viatu vya mume wako vinakaa ndani au nje?"

Viatu ndiyo ilikuwa habari ya mjini katika jengo letu. Kila familia ilivua viatu mlangoni, na ukumbi wa ngazi ni mwembamba. Jirani yetu wa mlango wa pili, bibi wa Kihindi mjane aliyeingia jengo hilo akiwa bibi harusi, alikuwa ametangaza vita. Kila asubuhi alishuka na fimbo yake kwenda hekaluni, na kiatu chochote alichokigusa kilirushwa chini. Sendo mpya za mume wangu tulizikuta kwenye duka la vyombo lililo chini, moja sakafuni, nyingine ndani ya ndoo iliyokuwa inauzwa. Mume wangu hakuzungumza na bibi wiki nzima. Ufa alikuwa anaupita mara nne kwa siku, na alipoulizwa alisema ni plasta.

Niliposumbua sana, mwenyekiti akaitisha kikao. Jumapili baada ya alasiri tulikusanyika juu ya paa, katikati ya kamba za nguo. Ajenda aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini: kwanza viatu, pili mengineyo. Mimi na ufa wangu tulikuwa mengineyo.

Viatu vilichukua saa mbili. Mtu mmoja alisema viatu ni heshima ya nyumba. Mwingine akasema kandambili si viatu, kwa hiyo zisihesabiwe. Mume wangu alieleza habari ya ndoo kwa uchungu ambao sikuwahi kumsikia nao hata alipofiwa na mjomba wake. Bibi alikaa, mikono miwili juu ya fimbo, akasema neno moja tu: "Nitarusha."

Jua lilipoanza kushuka, mwenyekiti akanigeukia. Nikaeleza ufa, nikaonyesha na picha kwenye simu. Mwenye duka la vyombo akaitazama picha kwa huruma, kama anatazama picha ya mtoto mbaya wa mtu.

"Dada, nyumba hizi za zamani zilijengwa na watu ambao hawakuiba saruji," alisema. "Ungekuwa unaishi kwenye haya maghorofa mapya, hapo ningekuombea dua."

Watu wakacheka, kikao kikafungwa. Viatu vikaundiwa kamati ya watu watatu.

Niliumia. Kesho yake nikaamua kwenda kwa bibi, kwa hesabu kwamba yeye aliogopwa na wote na akisema neno litasikika. Alinikaribisha vizuri, chumba kinanukia ubani na tangawizi. Akaniwekea kikombe mezani, akaanza kumimina chai. Chai ikajaa, ikapita ukingo, ikaenea kwenye sahani, ikafika kwenye kitambaa. Bibi bado anamimina, anatabasamu, ananiuliza habari za Kariakoo.

"Bibi," nikasema, "imejaa."

Mkono wake ukasimama. Akaigusa meza kwa kidole, akahisi jinsi ilivyolowa. 

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kidogo kidogo. Kwanza herufi, halafu sura za watu. Sasa naona mwanga na vivuli." Akakaa. "Mwanangu yuko Arusha. Akijua, atakuja kunichukua. Atanipa chumba kizuri na televisheni, nami nitakaa humo nikisubiri kufa. Hapa kila ngazi naijua kwa mguu. Kisichojulikana ni kiatu tu. Leo kiko hapa, kesho pale. Nikianguka nikavunjika nyonga, nimekwisha."

Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa namcheka jikoni na mume wangu.

"Na huo ufa wako," akaendelea, "mimi naujua kuliko wewe. Kila siku nikishuka naushika. Mwaka jana uliingia ukucha. Sasa kidole changu kidogo kinaingia mpaka pingili ya kwanza."

"Sasa mbona jana hukusema?"

"Mwanangu, jengo likianguka tutaanguka sote, hata mwenyekiti. Kwa kiatu nitaanguka peke yangu."

Tukapatana hapo hapo. Yeye angesema habari ya ufa, mimi ningemtunzia siri yake kwa mwanawe, lakini kwa sharti kwamba aende nami kwa daktari wa macho. Sharti hilo alilipinga mpaka chai ya pili, ambayo niliimimina mimi.

Alishuka kesho yake asubuhi. Akasimama mbele ya kiti cha mwenyekiti, akamshika mkono mzee wa watu, akampeleka mpaka ukutani na kukiingiza kidole chake kwenye ufa. Kidole cha karani ni kinene, kilikwama. Kukitoa ilibidi sabuni. Mchana huo mwenyekiti alimpigia simu mhandisi.

Mhandisi alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, amevaa buti. Hakutazama sana ufa wenyewe. Alishuka nao mpaka chini ya ngazi, kwenye dimbwi la maji lililokuwa mlangoni.

"Hili dimbwi lina muda gani?" akauliza.

Tukatazamana. Wote tulikuwa tunaliruka kila siku. Watoto walijifunza kuliruka kabla ya kujifunza kusoma. Hakuna aliyewahi kujiuliza maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi.

"Hilo limekuwepo," mwenyekiti akasema, kwa sauti ndogo.

Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu, na maji yalikuwa yanaila nguzo ya ngazi miaka yote hiyo. Nondo zilipofunuliwa, mhandisi aliziparuza kwa bisibisi zikamomonyoka kama biskuti. Aliagiza nguzo za chuma zisimikwe siku ile ile. Mwenye duka la vyombo alitazama, kisha akaanza kuhamisha bidhaa zake bila kumuaga mtu. Matengenezo yalichukua miezi miwili, tukipandia ngazi ya chuma ya muda iliyofungwa nyuma. Wapangaji waliandika barua ya malalamiko. Nilidhani ni kuhusu hatari tuliyoponea. Ilikuwa kuhusu vumbi.

Bibi nilimpeleka kwa daktari katika wiki hizo. Alijiandaa kuambiwa habari mbaya, amevaa sari yake nyeupe iliyo bora. Daktari alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, kitu cha kufanyiwa upasuaji asubuhi na kurudi nyumbani mchana.

"Basi?" bibi akauliza, kama mtu aliyepunjwa.

Walianza na jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atalia.

"Kumbe na wewe umezeeka," akasema.

Mwanawe alikuja baada ya jicho la pili, bila taarifa, akamkuta mama yake anasoma gazeti dirishani. Alipoelezwa yote, hakuuliza mama alikuwa haoni kwa miaka mingapi, wala hakuuliza habari ya ngazi. Alikuja mlangoni kwangu uso umemwiva.

"Dada, umempeleka mama yangu kupasuliwa macho, mara mbili, na mimi sijui! Ulishindwa nini kunipigia simu?"

"Nilimwahidi."

"Mimi ni mwanawe!"

"Ungejua ungefanya nini?" bibi akauliza kutoka mlangoni kwake.

"Ningekuja kukuchukua."

"Haya," bibi akasema, akarudi ndani kwa gazeti lake.

Mwanawe alikaa siku tatu, hasira ikapungua. Siku ya kuondoka alinipa namba yake ya simu, akaniomba kwa upole kwamba mama akipata hata mafua, nimwambie. Nikaitikia kwa kichwa. Nyuma ya bega lake bibi alikuwa amesimama, ananikazia macho yake mapya mawili, hapepesi.